Kuunga transfoma ya 115/230 ipokee umeme wa Zanzibar

Umeme wa majumbani Unguja na Pemba ni volti 230, 50 Hz. Amplifaya ya mtumba kutoka Marekani imetengenezewa volti 120, ya Japani 100. Ukiichomeka hivi hivi, kama fyuzi haikuwahi kukatika basi transfoma itaungua. Lakini kabla hujatoa pesa kununua transfoma ya kushushia umeme, chomoa plagi, subiri kapasita zimalize chaji, kisha fungua uangalie: huenda transfoma ya ndani ina koili mbili upande wa kuingilia. Ikiwa hivyo, kazi iliyobaki ni kuziunga upya.

Koili mbili za volti 115 zikiwekwa sambamba zinapokea 115. Zikifuatana zinapokea 230. Toroidi (transfoma za umbo la pete) nyingi zina nyaya nne upande wa kuingilia: buluu na kijivu koili ya kwanza, zambarau na kahawia ya pili. Kwa 230 unaunga kijivu na zambarau pamoja, laini (waya wa moto) inaingia buluu na nyutro kahawia, au kinyume chake. Rangi lakini usiziamini mpaka upime, maana transfoma iliyowahi kusukwa upya na fundi huwa na waya wowote uliopatikana siku ile.

Weka mita kwenye omu. Jozi zinazosomana ndizo koili. Usishtuke moja ikisoma 5.2 na nyingine 5.8: iliyosukwa juu ina waya mrefu zaidi. Upande wa kutokea wa transfoma ya kushushia kwa kawaida husoma chini ya hapo, mara nyingi chini ya omu moja.

Sasa mwelekeo, na hapa ndipo transfoma nyingi zinapofia. Koili mbili zikifuatana kinyume, sumaku zao zinauana, inabaki omu za waya tupu, na volti 230 juu ya omu 11 ni ampea 20 hivi. Kwa hiyo pima kwa umeme mdogo kwanza. Chukua adapta inayotoa volti 12 za AC (chaja ya simu haifai, inatoa DC) uipe koili ya kwanza. Unga ncha moja ya koili hiyo na ncha moja ya koili ya pili, kisha pima ncha mbili zilizobaki. Ukipata karibu 24, muungano huo ndio wa 230. Ukipata karibu sifuri, geuza koili ya pili. Hizo volti 12 usizitie upande wa kutokea: upande wa pili unaweza kupata mia mbili na kitu, nawe umeshika ncha.

Baada ya hapo lehemu viungo na uvifunike kwa mpira wa kusinyaa kwa joto. Kusokota na kufunga tepu hakutoshi kwetu. Hewa ya chumvi inatia shaba kutu ya kijani, kiungo kinapata joto, tepu inabanduka.

Mara ya kwanza washa kupitia globu ya nyuzi ya wati 60 iliyofuatana na laini (LED haifai). Ikimulika kidogo halafu ikafifia, salama. Ikibaki inawaka sana, ondoa nyaya za kutokea ujaribu tena. Ikiendelea, koili zimegeuka au zimeungana ndani.

Fyuzi nayo ibadilishwe: ukipandisha kutoka 115 hadi 230, ampea zinapungua nusu. Transfoma ya 100 VA (volti mara ampea) inavuta 0.43 A, kwa hiyo weka ya 630 mA ya kuchelewa. Ya haraka itakatika kila ukiwasha toroidi. Ndani ya plagi weka fyuzi ya 3 A badala ya 13.

Ya Japani ina tatizo lake. Koili mbili za 100 zikifuatana ni 200, na 230 inazidi kwa asilimia 15: transfoma inavuma na kuchemka, na volti 18 za kutokea, kwa mfano, zinakuwa karibu 21, yaani 29 za DC, zinazoua kapasita ya volti 25. Hiyo bora uitafutie transfoma ya kushushia. Ya Marekani iliyoandikwa 60 Hz pekee nayo itapata joto zaidi kwenye 50. Ipime kwa mkono baada ya nusu saa, plagi ikiwa imechomolewa.

Transfoma yenye ncha za 0, 110, 220 na 240 ni rahisi: nyutro kwenye 0, laini kwenye 240. Ncha zisizotumika zifunike kila moja peke yake, zina umeme.

Swichi ndogo ya nyuma ya kuchagua volti iondoe kabisa. Mtoto akiisukuma iende 115 amplifaya ikiwa imewashwa, kila koili inapata 230 nzima.