Malindi hadi Marafa kwa baiskeli: namna ya kuongoza msafara wa siku nzima vilimani

Njia inavuka daraja la Sabaki, inaiacha barabara kuu ya Garsen, inakata kushoto kupitia Marikebuni na Magarini hadi kwenye korongo la Nyari pale Marafa. Kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 70. Vilima si virefu ila vinafuatana, na penye udongo mgumu huwezi kujua mchanga unaanzia wapi. Hata hivyo wengi huishiwa nguvu wakati wa kurudi, si wakati wa kupanda. Ndiyo maana mpango unaanzia mwisho.

1. Amua saa ya kurudi kabla ya saa ya kuondoka

Majira ya kusi, Aprili hadi Septemba hivi, upepo unawasukuma mgongoni asubuhi na kuwapiga usoni mchana. Mgeni hufika Marafa akijiona bingwa, kumbe nusu ya kazi ilifanywa na upepo. Majira ya kaskazi mambo hugeuka: tabu ni kwenda, nafuu ni kurudi, lakini jua ni la utosi.

Kwa kundi mchanganyiko, hesabu kilomita 15 kwa saa pamoja na visimamo vifupi. Mkitoka saa kumi na mbili na robo asubuhi, saa tatu hivi mko Marafa. Kaeni kivulini hadi saa nane na nusu, kisha mgeuze. Kundi la watu wepesi linaweza kuanza kurudi saa nne asubuhi ile ile. Kuondoka Marafa saa sita ndiyo chaguo baya kuliko yote.

Masika yakipiga usiku, ahirisheni. Matope mekundu hujaa kati ya tairi na fremu hadi gurudumu linagoma kuzunguka.

2. Kagua baiskeli jana yake, si asubuhi

Tairi nyembamba za milimita 28 zinafaa kwa lami tu. Kwa njia hii chukua milimita 40 kwenda juu. Za milimita 40 zijaze PSI (kipimo cha upepo wa tairi) 35 hadi 45, za baiskeli ya milimani 25 hadi 35. Ukijaza zaidi utarukaruka kwenye mawe na kuteleza mchangani.

Gia: mbele meno 34 au pungufu, nyuma angalau 32. Weka gia nyepesi kabisa, zungusha pedali taratibu, uangalie mkono wa gia wa nyuma kama unakaribia spoku. Ukigusa, usiende nao hivyo. Kilimani utaingia kwenye spoku na kuvunja vyote viwili. Mwenye Blaki Mamba, ile baiskeli nzito isiyo na gia, anakaribishwa, mradi akubali kushuka na kusukuma.

Kila mtu abebe tyubu 2 za saizi yake, vipande 2 vya kubandulia tairi, viraka na solusheni. Pampu 2 na kikata mnyororo kimoja vinatosha kundi la watu 10.

3. Maji na chakula

Anza na lita 2 na nusu kwa kila mtu. Kunywa nusu lita kwa saa, au robo tatu jua likichachamaa, na utie pakiti ya ORS (chumvi na sukari za kurudisha maji mwilini) kwenye chupa moja. Mahamri, tende na ndizi zinatosha. Kula kila dakika 40 hata kama huna njaa. Mbaazi za nazi ziacheni kwa kurudi, maana hulala tumboni vilimani.

Beba kikoi au leso. Ni kivuli, ni kitambaa, na ni heshima ukiingia dukani kijijini na kaptula ya kubana.

4. Barabara kuu na daraja

Weka mtu wa mbele anayejua njia na wa mkiani mwenye nguvu na subira. Wa mkiani hampiti mtu yeyote, hata kwa mzaha. Mnapita kushoto, mmoja nyuma ya mwingine, hasa darajani: kuna mabasi ya Lamu na malori ya chumvi kutoka Gongoni. "Shimo!", "Tuta!" na "Gari nyuma!" zipokezwe hadi mwisho wa mstari.

5. Kupanda

Hapa ndipo msafara hukatika. Punguza gia kabla ya kilima, mita 20 hivi, ukiwa bado unazungusha kwa wepesi. Ukingoja hadi miguu inalemewa, mnyororo unabeba uzito wote huku unahama meno; unaruka, na wakati mwingine unakatika.

Kaa kwenye siti. Ukisimama juu ya udongo mkavu, gurudumu la nyuma linapoteza uzito na kuzunguka bure. Pima mwendo kwa pumzi: kama huwezi kusema sentensi nzima, umezidisha.

Kila mtu apande kwa mwendo wake. Wa mbele wasubiri kwenye kivuli cha kwanza baada ya kilele, na kwenye kila njia panda bila kukosa. Wa mwisho akifika, naye apewe dakika 5 za kupumzika. Kuondoka sekunde anayotokea ni ukatili.

6. Mchanga na miiba

Mchangani ingia kwa gia nyepesi, mikono imelegea, uzito nyuma, macho mbali. Usiguse breki ya mbele. Ukizama hadi rimu, shuka usukume.

Ukipata pancha, ichunguze tyubu kwanza. Tundu moja dogo ni mwiba wa mgunga: pitisha kitambaa ndani ya tairi lote, kinaswe mahali ncha ilipobaki, uing'oe. Usipoing'oa, tyubu mpya itatoboka papo hapo. Matundu mawili sambamba yana maana upepo ulikuwa mdogo na rimu imebana tyubu kwenye jiwe, jaza zaidi.

7. Marafa na kurudi

Lipeni kiingilio, kinasimamiwa na wenyeji. Shukeni korongoni mapema, kwa viatu vinavyoshika, kabla kuta hazijapata moto.

Wakati wa kurudi dhidi ya kusi, wenye nguvu wakae mbele kwa zamu za dakika 3, wengine wajikinge nyuma yao. Anayepata kizunguzungu, anayetetemeka juani au kujibu ovyo, mlazeni kivulini, mloweshe kichwa na shingo, mtafutieni gari limpeleke hospitalini. Baiskeli yake itafuata kwa matatu.