Somo: Kutunza ngozi ya sehemu za siri wakati huu wa mvua

Dada zangu wa Bukavu, wengi wetu tunaumizwa na usafi uliopita kiasi. Mimi niliwashwa miezi mingi, nikiongeza sabuni kila muwasho ulipozidi, kumbe sabuni ndiyo iliyoniwasha.

Kwanza, ujue unachoosha. Uke, yaani njia ya ndani, hauoshwi. Mle mnaishi bakteria wazuri wanaotengeneza asidi ya kuzuia wadudu wabaya. Ukiingiza sabuni, ndimu au maji ya chumvi unawaua walinzi wako. Osha nje tu, mashavu na mikunjo yake, kwa maji ya uvuguvugu, mara moja kwa siku. Ukitaka sabuni, iwe kidogo na isiyo na manukato.

Pili, jikaushe kwa kitambaa laini bila kusugua. Chooni, pangusa kutoka mbele kwenda nyuma.

Tatu ni chupi, na hapa ndipo mji wetu unapotusumbua. Mvua inanyesha Septemba hadi Mei, nasi kwa aibu tunaanika chupi chini ya kitenge, nyuma ya mlango. Haikauki, na kuvu hupenda unyevu. Ianike penye jua na upepo bila haya. Jua likikosekana, ipige pasi ya makala hadi ikauke kabisa. Vaa ya pamba, isiyobana. Poda ya kufulia iliyobaki kwenye kitambaa huwasha, kwa hiyo suuza mara tatu; najua uzito wa bidoni mlimani, lakini maji ya mvua ya kwenye bati yanafaa kusuuzia.

Siku za hedhi, badilisha pedi au kitambaa kila saa 4 hadi 6.

MASWALI

Mama wa Kadutu: Nimejifungua, mama mkwe ananipa shabu, lile jiwe jeupe la chumvichumvi, niitie ukeni ili nibane.
Jibu: Mama, mshukuru kwa heshima, lakini usiitie. Inakausha na kuchubua, na ngozi iliyochubuka hupitisha magonjwa kwa urahisi, VVU pia. Kaza misuli kama unayezuia mkojo, hesabu hadi 5, achia. Rudia mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Kama ulishonwa, subiri maumivu yapungue.

Dada wa Ibanda: Ninatokwa na ute mweupe mzito kama maziwa yaliyoganda, nawashwa. Rafiki yangu wake unanuka samaki. Tugawane vidonge?
Jibu: Hapana, dada. Wako unafanana na kuvu, wake huenda ni bakteria, na dawa zake ni tofauti. Nendeni kituo cha afya, kila mmoja apimwe. Ukiona vidonda, homa au maumivu chini ya tumbo, usingoje kesho.