Umeme ukikatika, zima grenda kwanza

Mafundi wa mbao wenzangu, hasa mnaopigia kazi chini ya mwembe kama sisi huku Tabora, leo naongelea kusugua kwa grenda ya msasa, na naanza na umeme maana ndo ulitaka kutuumizia dogo.

Tulikuwa tunasugua fremu ya mlango wa mninga, umeme ukakata, dogo akailaza grenda mezani akaenda kunywa maji, swichi kaiacha mbele imejifunga kwenye kuwaka. Umeme kurudi tu mashine ikawaka yenyewe, ikatembea juu ya meza mpaka ikadondoka, diski inachimba mchanga pembeni ya kandambili zake. Toka siku ile kwetu umeme ukikata unarudisha swichi nyuma, unachomoa plagi, ndo uende unakoenda. Kubadilisha msasa nako chomoa, usiamini swichi, kidole gumba kinaigusa bila we kujua.

Diski imeandikwa mizunguko yake, soma kabla hujafunga. Grenda ndogo ya inchi nne na nusu inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika, wakati diski ya inchi saba mara nyingi mwisho wake ni kama 8,500, sasa mtu anang'oa kava ili ile kubwa ienee, jamani, ikipasuka vipande vinakuja usoni. Kava lisitoke, miwani ivaliwe, mbao ibanwe kwa klampu sio kukanyagwa na mguu, na mashine ishike kwa mikono miwili mpaka diski isimame kabisa. Glovu za nyuzi hapana, zinavutwa na kidole kinafuata.

Sasa vumbi, hapa ndo tunajidanganya sana kwa sababu haliumi leo. Vumbi la mninga linanukia vizuri lakini jioni ukipenga kamasi inatoka ya kahawia, na hicho ndo unachokiona tu, lile jembamba zaidi limeshashuka kifuani. IARC, wale wa utafiti wa saratani duniani, waliliweka vumbi la mbao kwenye visababishi vya saratani toka 1995, hasa ya pua. Kwahiyo kitambaa au barakoa ya kawaida haitoshi, tafuta N95, ile barakoa ya kuchuja vumbi jembamba, na ibane puani vizuri. Kiangazi upepo ukivuma simama ukupige ubavuni, ukiupa mgongo vumbi linajikunja linakurudia usoni. Na msijipulizie nguo kwa kompresa, nyunyiza maji kidogo chini ndo ufagie.

Mbao za zamani zipapase kwanza utafute misumari. Msasa ukigonga msumari cheche inaingia kwenye vumbi na linaweza kufukuta kimyakimya masaa mengi, kwahiyo kabla ya kufunga ofisi mfuko wa vumbi umwage kwenye debe la bati, uliweke nje, mbali na vanishi na tina.