Namna ya kutengeneza wimbo wa majonzi unaochezeka

Wakuu, wiki iliyopita nilikaa siku tatu na mtoto wa mama mdogo tunahangaika na wimbo mmoja tu. Dogo katolewa kwenye chumba alichopanga, mpenzi wake naye kaondoka, basi akaandika maneno ya kulia halafu akayapigia gitaa la kulia vilevile, ukifika katikati ya wimbo unasinzia. Nikamwambia hapa umetia chumvi kwenye maji ya bahari. Majonzi yabaki, badilisha muziki. Tulivyofanya ndio hivi, kuna sehemu nitaruka kwa sababu kama unapiga gitaa unazijua tayari.

Hatua ya 1: Sikiliza kwanza

Nilimpa hedifoni asikilize A Brighter Beat ya 2007, ya Mskoti anaitwa Malcolm Middleton. Jamaa ni wa Falkirk, mji uliopo kati ya Glasgow na Edinburgh, na alikuwa mpiga gitaa wa Arab Strap, yeye na Aidan Moffat, walianza 1995 wakaachana 2006 (walirudiana baadaye, hiyo habari nyingine). Arab Strap ilikuwa muziki wa taratibu, wa usiku, wa mtu aliyeamka na hangova na majuto. Kwenye albamu zake mwenyewe, na hii ilikuwa ya tatu, Middleton hakuacha yale mawazo meusi hata kidogo ila akayafungia ngoma zinazokimbia na gitaa linalochekacheka. Wimbo wa kwanza unaitwa We're All Going to Die, yaani sote tutakufa, na unaenda mwendo ambao mguu unagonga sakafu wenyewe. Kuna mwingine humohumo jina lake ukiliweka kwa Kiswahili ni Kifo Mapenzi Sonona Mapenzi Kifo. Sasa mtu anayeita wimbo hivyo halafu anaupa gitaa la sherehe, huyo anajua anachofanya.

Huo wa kufa waliutoa kama singo Desemba 2007 ugombee namba moja ya Krismasi Uingereza, yaani kuongoza chati wiki ya Krismasi, kampuni ya kamari ikaupa nafasi ya 1,000 kwa 1. Haukushinda bila shaka. Aliyeshinda ni Leon Jackson, kijana aliyetoka kushinda X Factor, yale mashindano ya kuimba ya kwenye TV, naye Mskoti.

Cha kushika hapo ni kimoja: sikiliza sauti yake. Halii. Anaimba kama mtu anayekusimulia jambo huku anafunga kamba za viatu.

Hatua ya 2: Kodi na mwendo

Kodi za gitaa, sio za TRA. G, D, Em, C, kapo (kile kibanio cha nyuzi) fret ya pili, basi. Usianzie kwenye Em, anzia G. Mwendo weka midundo 140 kwa dakika, mkono wa kulia uende chini juu bila kusimama.

Na tafadhali usianze kwa kudownload biti ya bure mtandaoni. Najua wengi mnafanya hivyo, mimi siipendi kabisa hiyo njia, biti ya mtu ina pumzi ya mtu mwingine na wewe unabaki kukatakata maneno yako uyabane humo. Gitaa na kliki (ule mlio wa tik-tik wa kukushikia mwendo) vinatosha, ngoma zitakuja.

Hatua ya 3: Maneno

Toa "machozi", toa "moyo kupasuka", toa "donda ndugu". Weka vitu. Dogo alikuwa na mstari kuhusu uchungu wa maisha, nikamuuliza siku unatoka ulibeba nini? Akasema ndoo, jiko la gesi dogo na godoro limefungwa kwa kamba ya manila. Haya, imba hiyo ndoo.

Hatua ya 4: Mkazo (hapa ndio tulipolala)

Hapa pametula saa nyingi kuliko kwingine kote ukijumlisha, na sijawahi kuona mtu anapaelezea kwa Kiswahili, kwa hiyo vumilia.

Wimbo wa taratibu unasamehe. Ukikosea mkazo, yaani ile silabi inayotamkwa kwa nguvu, unavuta silabi kidogo, hakuna anayegundua. Kwenye 140 kila nusu ya mdundo inabeba silabi moja, ni kama silabi tano kasoro kwa sekunde, hakuna pa kujificha. Na Kiswahili mkazo wake unajulikana uko wapi, silabi ya pili kutoka mwisho, shida ni kwamba ukiongeza kitu mwishoni mwa neno mkazo unahama. MO-yo, lakini mo-YO-ni. NYU-mba, nyu-MBA-ni. Ukiimba mkazo pasipo pake unasikika kama mgeni aliyeshuka ndege jana, na hapo majonzi yote yanageuka kichekesho.

Mfano. Hesabu moja-na-mbili-na-tatu-na-nne-na. Dogo aliandika "Moyo umechoka". MO kwenye moja, yo kwenye na, u kwenye mbili, me kwenye na, CHO kwenye tatu. Safi kabisa, mikazo yote imekaa kwenye midundo mizito. Mstari wa pili akaandika "Moyoni nimechoka" akaanza palepale kwenye moja. Sasa mo ndio ipo kwenye moja, YO imeangukia kwenye "na", CHO nayo "na", kila kitu kimepinda. Alirudia labda mara ishirini anadhani tatizo ni sauti yake. Dawa ni kuitupa "mo" nyuma, uiimbe kwenye "na" ya mwisho ya mzunguko uliopita, ili YO ndio ipige moja. Ukifanya hivyo CHO inarudi kwenye tatu yenyewe.

Halafu ikaja balaa lenyewe. Kiitikio chake kilikuwa "Niko barabara", kejeli, yaani mambo yangu safi, huku beti zinasema katolewa na godoro. Wazo zuri sana, hilo nampa. Ila "barabara" ni maneno mawili. Ukisema ba-RA-ba-ra maana yake sawasawa, ukisema ba-ra-BA-ra ni njia ya magari. Sasa ukiliimba moja kwa moja kuanzia moja: NI, ko, ba, ra, halafu BA inapiga tatu. Imekuwa njia ya magari! Tumesikiliza rekodi usiku mzima tunajiuliza mbona kejeli haisikiki, mbona inasikika tu kama mtu anatoa taarifa kwamba yupo barabarani, mimi nikalaumu maiki, nikabadilisha waya, dogo akaimba kwa kucheka, wapi. Saa nane usiku ndio mke wangu akapita anaenda kunywa maji akasema "barabara gani hiyo, ya Mandela?" na ndio nikaelewa.

Dawa: vuta "ko" mpaka ipite mbili. NI kwenye moja, ko inaanza kwenye "na" inavuka mbili, ba kwenye "na" inayofuata, RA kwenye tatu. Mkazo umekaa, kejeli imerudi.

Mengine ya kuangalia kwenye hatua hii:

"Mtu". Hapo mkazo upo kwenye M yenyewe, M-tu, kwa hiyo M lazima ipewe noti yake, unafunga midomo unaguna. Wengi wanaibana wanaimba "mTU" kwenye mdundo, inauma sikio. Ikikushinda badilisha, badala ya "hakuna mtu" imba "hakuna yeyote". Lakini "mtoto" haina shida, M yake haina mkazo, ichomeke popote. "Nchi" ni kama "mtu".

Maneno marefu kama "niliyekupenda" yana silabi sita na mkazo mmoja karibu na mwisho, kwenye mwendo huu ni bunduki ya rashasha. Kwenye beti poa, kwenye kiitikio hapana.

Na usijipime kwa kuimba. Sema mistari huku unapiga makofi, bila gitaa. Kama inasemeka kama unavyoongea na konda, itaimbika.

Hatua ya 5: Kuimba

Usilie. Kila dogo alipoanza kutetemesha sauti nilisimamisha. Karibia maiki, imba kwa sauti ya kuagiza vocha, halafu rudia mara ya pili juu ya ile ya kwanza ili sauti iwe mbili. Mwangwi weka kiduchu sana, mwangwi mwingi unaleta kanisa na hatukuja kanisani. Sisi tulirekodia ndani ya kabati la nguo, limejaa kanga, hakuna studio ya laki mbili kwa saa itakayokupa ukavu ule.

Hatua ya 6: Programu na miksi

Reaper, programu ya kurekodia. Unaijaribu siku 60 bure, laiseni ya mtu binafsi dola 60, na kompyuta yangu mbovu inaibeba. Ngoma: kiki (ile nzito ya chini), snea (ile yenye mlio mkali), na kayamba, kayamba usiache. Gitaa kushoto, gitaa lingine kulia, sauti katikati na juu kidogo kuliko unavyoona aibu, maneno lazima yasikike.

Hatua ya 7: Jaribio

Usiulize mtu "umeuonaje wimbo". Upige tu wakati watu wana shughuli zao. Sisi tuliupigia sebuleni mke wangu akiwa anaosha vyombo, beti ya kwanza kiuno kinaenda, kiitikio anaitikia kabisa "niko barabara", beti ya pili ilipofika kwenye ndoo na kamba ya manila akasimama na sufuria mkononi, akamgeukia dogo.

"Shem, hivi siku hizi unalala wapi?"