Kabla aliyepandikizwa uloto hajarudi Tabora: mambo ya kuzingatia kuhusu virusi

Familia nyingi zinazosubiri mtoto wa selimundu (sikoseli) arudi kutoka Dodoma baada ya kupandikizwa uloto, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, huanza na fagio. Nyumba inapakwa chokaa, mapazia yanafuliwa, kuku wanahamishwa. Si vibaya. Ila kwa upande wa virusi, hatari kubwa haiko ukutani. Iko ndani ya mwili wa mgonjwa mwenyewe, na kwa watu watakaokuja kumpa pole.

Virusi vya malengelenge, vya tetekuwanga na vile vya sitomegalo (CMV) vikishamwingia mtu haviondoki. Hulala, na kinga ndiyo inayovizuia visiamke. Watu wengi wanaishi na sitomegalo bila kujua. Sasa kabla ya kupandikiza, mgonjwa hupewa dawa kali za kuuondoa uloto wa zamani, na kinga huenda nao. Chembe nyeupe za damu hurudi baada ya wiki chache, lakini uwezo wa kupambana na virusi huchukua miezi mingi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Mtoto anaweza kuwa amenenepa, anakimbia uani, na bado kinga yake ni kama ya kichanga.

Kwa hiyo dawa kwanza, sabuni baadaye. Asaiklovia, inayozuia malengelenge na mkanda wa jeshi, kwa kawaida hutumika mwaka mzima au zaidi kwa aliyepewa uloto wa mtu mwingine, hasa akiwa bado anameza dawa za kushusha kinga. Hesabuni vidonge kabla ya kupanda basi: vifike tarehe ya kliniki ijayo na vibaki vya ziada, maana gari huharibika na mvua hukata barabara. Ulizeni kila dawa inapatikana wapi Tabora mjini, na kama ipo ya kuzuia homa ya ini B isiamke, isikatizwe hata siku moja bila daktari kusema. Mizizi na majani ya kuchemsha, hata yakitoka kwa babu anayeheshimika, yasubiri. Baadhi huvuruga kiwango cha dawa kwenye damu. Balungi nalo hufanya hivyohivyo kwa anayetumia siklosporini, mojawapo ya dawa za kushusha kinga.

Kuhusu sitomegalo, damu hupimwa mara kwa mara, kwa kawaida kila wiki, hadi siku ya 100 hivi tangu kupandikizwa. Lengo ni kuvikamata virusi vikiwa damuni, kabla havijafika kwenye mapafu au utumbo. Jueni mapema sampuli itatolewa wapi, itasafirishwaje, na nani atawapigia simu majibu yakitoka. Kama mnaweza kupanga chumba Dodoma hadi siku hizo zipite, pangeni. Najua kodi inauma, lakini ningeahirisha chokaa na mapazia yote ili hiyo ipatikane.

Wageni ndio mtihani. Kwetu mgonjwa akirudi watu huja bila taarifa, kutoka Nzega, kutoka Urambo, na kila mmoja anataka kumpakata mtoto. Hakuna anayekuja na nia mbaya. Anakuja na mafua tu. Mafua ya kawaida, homa ya mafua na UVIKO vinaweza kushuka hadi kwenye mapafu ya mtu asiye na kinga. Wekeni viti nje chini ya mwembe, ndoo ya koki na sabuni karibu na njia ya kuingilia, na barakoa kwa atakayelazimika kuingia ndani. Mwenye mafua, kuhara, vipele au kidonda cha homa mdomoni arudi siku nyingine. Kisha mchagueni mtu mmoja wa kusema hapana. Asiwe mama mtoto. Atasemwa ukoo mzima kwamba anaringa. Shangazi mkubwa anafaa zaidi: “Karibuni sana, mtoto anaendelea vizuri, ila daktari amekataza wageni chumbani. Tusalimiane hapahapa.” Salamu ya mwangaluka na makofi mawili vinatosha, mkono si lazima.

Ndugu zake wakamilishe chanjo kabla hajafika. Chanjo ya surua na rubela kwao haina shida. Ila chanjo za matone huwa na virusi hai vinavyotoka na choo, kwa hiyo kama kuna kichanga ndani, mwambieni muuguzi wa kliniki kabla ya matone ya polio, na baada ya matone ya rota mtu mwingine abadilishe nepi, siyo mgonjwa. Yeye mwenyewe anaanza chanjo upya. Kadi ya zamani haihesabiki tena. Zenye virusi hai, yaani surua na rubela pamoja na homa ya manjano, hazipewi kabla ya miezi 24, na hata hapo ni kwa ruhusa ya daktari wake. Mwalimu ajue hilo, kwa sababu kampeni za chanjo huja shuleni.

Tetekuwanga huambukiza siku moja au mbili kabla vipele havijaonekana. Mkisikia jirani ametoka vipele na mtoto alicheza naye jana, pigeni simu hospitali siku hiyohiyo. Msisubiri na wenu atoke vipele.

Kipimajoto kiwe nyumbani. Kwetu homa ni malaria hadi ithibitike vinginevyo, na malaria ipimwe kweli, lakini joto likifika 38 msimpe panadoli wala dawa ya mseto mkasubiri asubuhi: nendeni hospitali saa hiyohiyo. Mkojo wenye damu nao wengi watasema kichocho. Kwa aliyepandikizwa huweza kuwa virusi vya BK vimeshambulia kibofu. Kikohozi kikavu chenye kuhema haraka na kuhara kusikokoma nendeni navyo mapema Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa, na barua ya Dodoma mkononi. Kwenye barua hiyo iandikwe pia aina ya damu anayoruhusiwa kuongezewa, maana yake inatakiwa iliyochujwa chembe nyeupe na kupigwa mionzi, na daktari wa zamu usiku hatakuwa na namna ya kulijua hilo.