Mambo ya kuzingatia kabla ya usiku wa kwanza na mashine ya CPAP

Mtu anayeambiwa na daktari kwamba pumzi yake hukatika usingizini, na kwamba sasa atalala na mashine ya CPAP, yaani ya kusukuma hewa kooni kupitia barakoa ya usoni, mara nyingi hukutana na barakoa hiyo kwa mara ya kwanza saa ya kulala, akiwa amechoka na taa zimezimwa. Hakuna wakati mbaya zaidi ya huo wa kujizoeza kitu kigeni. Usumbufu mwingi wa wiki za mwanzo una chanzo kinachojulikana na kinachorekebishika, na sehemu kubwa ya marekebisho hayo inafaa kufanywa mchana, kabla usiku wa kwanza haujafika.

Kwanza ni vyema kuelewa kazi ya hewa hiyo. Mashine haipumui kwa niaba ya mgonjwa, wala si mtungi wa oksijeni. Huvuta hewa ileile ya chumbani na kuisukuma hadi kooni, ili njia ya hewa isijifunge pale misuli inapolegea usingizini. Ndivyo alivyoibuni daktari Colin Sullivan huko Sydney, Australia, mwaka 1980. Shinikizo lake kwa kawaida huwa kati ya sentimita 4 na 20 za maji (kipimo cha msukumo wa hewa), nalo hupangwa kwa mujibu wa vipimo vya mgonjwa mwenyewe, kwa hiyo halifai kupunguzwa wala kuongezwa bila kumshirikisha mtaalamu. Usishtuke ukihisi hewa ikitoka mfululizo kwenye matundu madogo yaliyo mbele ya barakoa: hapo ndipo pumzi uliyokwisha kuitoa inapopita, na kuyaziba ni hatari.

Barakoa ndiyo inayostahili muda mwingi zaidi, kwani naamini wengi wanaoiacha tiba hushindwa na barakoa isiyowafaa kuliko na hewa yenyewe. Zipo zinazoingia kwenye matundu ya pua tu, zipo zinazofunika pua, na zipo zinazofunika pua na mdomo, ambazo huwafaa hasa wanaopumulia mdomo. Usikubali kuijaribu ukiwa umeketi tu. Lala chali, kisha ubavu, mashine ikiwa imewashwa kwa shinikizo utakalolitumia, maana uso hubadilika umbo kidogo mtu anapolala, na barakoa iliyokaa vizuri kitini huweza kuanza kuvujisha hewa kwenye kona ya jicho mara kichwa kinapogusa mto. Hewa hiyo ndiyo inayowaamsha watu na macho makavu, mekundu. Ikitokea, usikimbilie kukaza mikanda; inua barakoa kidogo kutoka usoni ili mto wake wa silikoni, ule ukingo laini unaogusa uso, ujae hewa, kisha uirudishe taratibu. Mikanda iliyokazwa kupita kiasi huacha vidonda kwenye daraja la pua na mara nyingi huzidisha uvujaji. Baadhi ya barakoa hufungwa kwa sumaku, kwa hiyo mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, au kifaa kingine cha chuma mwilini, ni lazima aseme kabla ya kuchagua.

Kwa mwenye hofu ya kufunikwa uso, mazoezi yaanze siku kadhaa mapema. Aishike barakoa usoni kwa mkono, bila mikanda, kwa dakika chache, ili ajue kwamba anaweza kuiondoa wakati wowote. Kisha aivae akisoma au akisikiliza redio. Baadaye aongeze hewa. Mwishowe alale nayo usingizi mfupi wa mchana. Mashine nyingi zina mpangilio wa kuanza na hewa ndogo inayopanda polepole mtu anapotafuta usingizi, na nyingine hupunguza msukumo anapotoa pumzi. Omba uonyeshwe vitufe hivyo kabla hujaenda nayo nyumbani.

Ukavu wa pua na koo huzuilika kwa chombo cha maji kinachotia hewa unyevunyevu, ambacho hujazwa maji yaliyokenekwa, yaani yatokanayo na mvuke uliopozwa, ili kisishike chumvi. Maji yakijikusanya ndani ya mpira unaoleta hewa kwenye barakoa na kukurukia usoni, punguza unyevu, au weka mashine chini ya usawa wa kichwa ili yarudi chomboni. Pua iliyoziba itibiwe mapema. Tumbo likijaa hewa asubuhi, mweleze mtaalamu badala ya kuvumilia kimya. Mafuta mazito ya kupaka usoni yaepukwe, kwa kuwa huharibu silikoni. Mto wa barakoa uoshwe kila siku kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini.

Wengi huamka na kuikuta barakoa sakafuni bila kukumbuka kuivua, na hilo lisikuvunje moyo: ivae tena kwa saa zilizobaki. Kabla hata hujaanza, weka miadi ya kurudi baada ya wiki chache, kwa kuwa mashine huhifadhi kumbukumbu ya saa ulizoitumia na hewa iliyovuja, na ukiongeza daftari dogo kando ya kitanda lenye tarehe, saa uliyoivua na sababu, mtaalamu atajua pa kuanzia. Na mpaka hali ya kusinzia mchana itakapokuwa imekwisha, usishike usukani ukiwa unasinzia.