Kompyuta Uliyoiunda Mwenyewe Inapozima Ovyo: Chunguza RAM Kabla ya Kununua Chochote

Kompyuta ya mezani iliyoundwa nyumbani ikianza kuganda, kujizima au kuleta skrini ya bluu bila mpangilio, wengi hukimbilia kupiga Windows upya au kununua pawa saplai nyingine. Utaratibu ufuatao wa kuchunguza RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) na vifaa vingine ndio niliomwelekeza kijana mmoja wa mtaani kwetu, ambaye alikuwa amekwisha kufanya yote mawili na mashine yake ikaendelea kuzima vilevile.

Hatua ya 1: Soma rekodi za matukio za Windows

Fungua Event Viewer, programu ya Windows inayoonyesha rekodi hizo, sehemu ya System, utazame kilichoandikwa karibu na wakati wa tatizo. Rekodi iitwayo Kernel-Power 41 inaeleza tu kwamba mashine ilizimika bila kufuata utaratibu. Haisemi kwa nini, na kwa hiyo si ushahidi dhidi ya pawa saplai. WHEA-Logger ina uzito zaidi, kwa kuwa hutoa taarifa za hitilafu zilizogunduliwa na vifaa vyenyewe, hasa prosesa.

Hatua ya 2: Rudisha BIOS (programu ya mazabodi inayoiwasha kompyuta) katika hali ya kiwandani

Ondoa kila mpangilio wa kasi ulioongeza, ikiwamo XMP au EXPO, yaani mipangilio ya kuongeza kasi ya RAM. Kasi iliyoandikwa kwenye pakiti ya RAM, kwa mfano 3600, hupatikana kwa kuipandisha juu ya kiwango cha kawaida, na si kila prosesa huivumilia. Ikiwa una Intel Core ya kizazi cha 13 au cha 14, pakua BIOS mpya kabla ya kuendelea, kwani mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa hizo zilikuwa zikipokea volti za juu kupita kiasi, ikatoa marekebisho kupitia BIOS. Marekebisho hayo huzuia madhara. Prosesa iliyokwisha kuharibika hayaiponyi.

Hatua ya 3: Pima RAM

Hapa ndipo muda mwingi hupotea. Sishauri kutumia kipimo kinachokuja na Windows, kwa sababu hupitisha RAM mbovu mara nyingi mno. Weka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, washa kompyuta kupitia flashi hiyo, kisha uiache ikamilishe mizunguko yote minne inayoruhusiwa katika toleo la bure. Kwa GB 32 kazi hiyo huchukua saa kadhaa, hivyo ianze usiku, na kama umeme wa kwenu hukatika, tumia UPS. Kosa moja tu linatosha kuonyesha kwamba kuna tatizo. Usijifariji kwamba ni dogo.

Makosa yakitokea, usiitupe RAM bado. Zima umeme kabisa, bakiza kadi moja ya RAM katika sloti ya pili kutoka kwenye prosesa, ambayo ndiyo inayopendekezwa na mazabodi nyingi zenye sloti nne, kisha upime. Badilisha kadi, pima tena katika sloti ileile. Baadaye hamia sloti nyingine. Kosa likiifuata kadi kila inapohamishwa, kadi ndiyo mbovu. Likibaki katika sloti bila kujali kadi iliyomo, tazama mazabodi au prosesa, kwani kidhibiti cha RAM siku hizi kimo ndani ya prosesa yenyewe. Katika soketi yenye pini, pini moja iliyopinda, au hata skrubu za feni zilizokazwa upande mmoja kuliko mwingine, huweza kuleta dalili hizo.

Jihadhari na mambo mawili. Kwanza, kadi zikipita kila moja peke yake lakini zikashindwa zikiwa pamoja, huenda hazipatani. Ndivyo ilivyokuwa kwa kijana yule, aliyeongeza jozi ya pili ya chapa ileile akidhani chapa inatosha. Pili, mashine zenye prosesa za Ryzen za AMD zinazotumia DDR5 (aina mpya ya RAM) huweza kukaa na skrini nyeusi dakika kadhaa baada ya RAM kubadilishwa, zikijipanga upya. Usizime, subiri.

Hatua ya 4: Joto na umeme

Tazama joto la prosesa kwa programu ya HWiNFO wakati mashine ina kazi nzito. Ryzen 7000 nyingi zimebuniwa kufika nyuzi 95, kwa hiyo namba hiyo peke yake si ugonjwa. Kadi ya michoro yenye matundu mawili ya umeme ipewe waya mbili tofauti. Usiichunguze pawa saplai kwa namba za programu. Azima nyingine iliyo nzima na yenye nguvu ya kutosha, ukitumia waya zake yenyewe, kwa sababu mpangilio wa waya hutofautiana baina ya watengenezaji na kuzichanganya huunguza vifaa.

Hatua ya 5: Rudisha kasi

Mashine ikitulia siku kadhaa, washa XMP na upime tena. Ikishindwa, shusha kutoka 3600 hadi 3200; tofauti hutaiona katika matumizi ya kawaida. Mwisho endesha amri ya sfc /scannow, inayokagua na kurekebisha mafaili ya Windows, kwa sababu RAM mbovu huandika takataka kwenye diski, na mafaili ya Windows yaliyoharibika huendelea kuleta skrini ya bluu hata baada ya kadi mbovu kuondolewa.